Mti Ufaao Uani

Mtu aliyekwisha jenga nyumba akabakiwa na kipande cha ardhi uani, aghalabu hujiuliza kama apande mti wa matunda, apate kula yeye na wanawe, au apande mti wa pambo utakaomfurahisha macho kila afunguapo mlango. Na rai yangu ni kwamba shauri hilo sharti liamuliwe na nafasi iliyopo kabla ya kuamuliwa na matamanio ya mwenye nyumba.

Mkrismasi, ambao asili yake ni Bukini, hauna kifani kwa haiba pale uchanuapo mwishoni mwa mwaka, lakini mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi na kwenda mbali, ikainua sakafu na kupasua kuta, kwa hiyo mahali pake ni kando ya barabara na katika viwanja vipana. Mwembe nao, hata ule uliobebeshwa, hudai nafasi ya mita 8 hadi 10, na mvua ikiunyeshea wakati wa kuchanua, ugonjwa wa chule huyaunguza maua yake yakapukutika.

Madhali nyua zetu za mwambao ni finyu, mimi huuchagua mkomamanga, ambao tunda lake limetajwa katika Sura ya Ar-Rahman miongoni mwa neema za peponi. Mti huu kwa kawaida haupiti sana mita 5, huvumilia jua, ukame na hata chumvi kidogo ya ardhi, na maua yake mekundu yanatosha kabisa kuwa pambo la nyumba. Wengi huingiwa na hofu waonapo maua hayo yakianguka kwa wingi, wakadhani mti una maradhi, ilhali yako ya namna mbili: yenye kitako chembamba, ambayo hayazai na kuanguka ndiyo ada yake, na yenye kitako kinene kama mtungi, ambayo ndiyo yatakayokuwa matunda. La kuhadhari zaidi ni maji, kwani mti ulioachwa na kiu majuma kadhaa kisha ukamiminiwa maji mengi kwa mara moja hupasua matunda yake.

Ni kweli kwamba unyevu wa hewa ya pwani haulipi komamanga uzuri lilio nao katika nchi kame, na atakaye mavuno ya kuuza na atafute mti mwingine. Atakayeupanda na auweke mita 3 kutoka ukutani, upande upatao jua tangu asubuhi, na ayakate mara kwa mara machipukizi yachomozayo shinani, ambayo yakiachwa huugeuza mti kuwa kichaka.