MBA: Uache kazi usome, au usome ukiwa kazini?

WAFANYAKAZI wengi wa mabenki, mashirika yasiyo ya kiserikali na afisi za kaunti katika ukanda wa Ziwa Victoria hufikia wakati wakaanza kuwazia shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, maarufu kama MBA. Jambo la kwanza wanalouliza ni karo. Lakini kuna swali zito zaidi, ambalo aghalabu huulizwa kuchelewa: je, mtu aache kazi asome kutwa, au aendelee kupokea mshahara huku akisoma?

Kwanza yafaa kutenganisha mambo ambayo hapa kwetu huchanganywa. Shahada hii ilianza katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1908, ikiwalenga vijana waliokuwa na nafasi ya kukaa darasani. Mwaka 1943, Vita Vikuu vya Pili vikiendelea, Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha MBA ya mameneja, yaani watu waliokwisha kukabidhiwa idara na wasingeweza kuziacha. Huko masomo huwa ya mafungu mafungu, kila fungu siku chache mfululizo, na anayeingia hutakiwa kuwa na uzoefu wa miaka kadhaa. Mfano wa aina hiyo nchini ni ule wa Strathmore Business School ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2005.

Masomo ya jioni na Jumamosi ni kitu kingine. Hayo yalienea baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzisha mwaka 1998 mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo, na vyuo vingine vikafuata, kikiwemo Maseno ambacho kina bewa katika jiji la Kisumu. Mtalaa wake kwa kawaida ni ule ule wa kutwa, uliotandazwa kwa muda mrefu zaidi. Si MBA ya mameneja, hata kama tangazo la barabarani litaipamba kwa jina hilo. Anayelipa karo ya mameneja na ahakikishe kuwa wenzake darasani ni mameneja kweli, maana nusu ya anachonunua ni hao wenzake.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme afisa wa mikopo mjini Kisumu anapata shilingi 90,000 kwa mwezi. Akiacha kazi kwa miezi 18, mshahara anaoukosa ni shilingi 1,620,000, kabla hajalipa senti moja ya karo. Ongeza bima ya matibabu ya familia na mchango wa mwajiri katika pensheni. Tena, mkopo wa chama cha akiba na mikopo hauna likizo ya masomo. Makato yasipotoka kwenye mshahara, wadhamini ndio hugongewa mlango.

Kwa mtu mwenye watoto shuleni na kazi anayoipenda, hesabu hiyo pekee yaweza kumaliza mjadala. Hata hivyo, kusoma ukiwa kazini nako kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya karo, hasa katika eneo hili. Jumamosi ndiyo siku ya masomo, na ndiyo siku ya mazishi. Anayetoka jamii ya Waluo ajua uzito wa kukosa kuonekana matangani. Kwa Waadventista, ambao ni wengi kando ya ziwa tangu misheni ya Gendia ilipoanzishwa karibu na Kendu Bay mwaka 1906, Jumamosi ni Sabato, na ratiba ya namna hiyo haiwafai kabisa. Naye anayefanya kazi Mbita huenda akalazimika kuvuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, kisha apande matatu, ndipo aione Kisumu.

Mafungu ya mameneja hupunguza safari, lakini hula likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka. Mafungu matano ya siku nne nne ni siku 20. Inabaki siku moja ya kumpeleka mtoto hospitali. Mwajiri akikubali kutoa siku za ziada, akubali kwa maandishi. Akilipa karo, soma mkataba kwa makini ujue utamtumikia miaka mingapi baada ya kuhitimu, na utarejesha kiasi gani ukihama mapema.

Nani basi aache kazi? Kwa maoni yangu, ni yule anayetaka kubadilisha taaluma kabisa, na yule aliyepata ufadhili. Masomo ya kutwa ya Marekani, ambayo huchukua miaka miwili, humpa mwanafunzi miezi ya kiangazi ya kufanya kazi kwa majaribio katika kampuni. Huo ndio mlango wa mhandisi anayetaka kuingia katika fedha. Meneja anayesoma akiwa kazini hana mlango huo, na huenda hauhitaji. Ufadhili nao mara nyingi hufungamana na masomo ya kutwa. Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hugharimia shahada ya mwaka mmoja kwa aliyefanya kazi angalau miaka miwili, kwa sharti la kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Ila una kikomo cha karo ya MBA. Linalozidi hapo ni juu ya mwanafunzi.

Mradi wa utafiti ndio mwamba ambao wengi wanaosoma jioni hukwama, madarasa yakiwa yamekwisha. Muulize mkuu wa idara ni wangapi kati ya waliojiunga pamoja walihitimu kwa wakati. Akikwepa swali, umejibiwa.

Tena usitosheke na jina la chuo. Mwaka 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliamuru Chuo Kikuu cha Kisii kifunge mabewa 10, ilhali chuo chenyewe kilikuwa halali. Kabla ya kulipa, ulizia katika tume hiyo kuhusu kozi yenyewe na bewa utakakoketi.