Safari ya Nguvu za Jua Ndani ya Jani

Kila mkulima ajua kwamba mahindi yaliyo chini ya kivuli cha mti hayazai kama yale ya juani. Lakini nguvu za jua zikisha kuingia katika jani, huenda wapi?

Ukijani wa jani hutokana na chembe ndogo sana ziitwazo klorofili. Mwaka 1932 Wamarekani wawili, Robert Emerson na William Arnold, walimulika mimea midogo ya majini kwa mimweko mifupi ya taa. Waliona kwamba klorofili karibu 2,500 hushirikiana kutoa chembe moja tu ya oksijeni. Kumbe klorofili nyingi hazitengenezi chakula. Kazi yao ni kupokea mwanga na kupokezana nguvu zake, kama wajenzi wapokezanavyo matofali, mpaka zifike mahali ambapo utengenezaji wa chakula huanza. Tena lazima zifike upesi. Gawanya sekunde moja mara milioni elfu: nguvu zikikawia vipande vichache tu vya namna hiyo, hupotea kama joto.

Katika vitu vidogo hivi nguvu zaweza pia kuenea kama wimbi juu ya klorofili kadhaa kwa pamoja. Mwaka 2007 Graham Fleming na wenzake huko Berkeley, California, walieleza kuwa wameona dalili za wimbi hilo katika protini ya bakteria iliyopozwa mpaka nyuzi 196 chini ya sifuri. Wengi wakashangilia kwamba siri ya jani imejulikana. Lakini uchunguzi wa mwaka 2017, uliofanywa katika joto la kawaida, ulionyesha kwamba wimbi hilo hufa upesi mno.

Basi ni nini kisaidiacho? Ni mtikisiko. Klorofili hukaa ndani ya protini, nayo hutetemeka daima kwa joto. Mtu angedhani kutetemeka huko huharibu kazi. Hesabu zilizofanywa mwaka 2008 zilionyesha vingine. Klorofili hazilingani kwa kimo cha nguvu, kwa hiyo pasipo mtikisiko nguvu zaweza kukwama njiani. Mtikisiko wa kiasi huzilinganisha kwa kitambo kidogo, nguvu zikapita. Ukizidi sana, nguvu hukwama tena. Umeona mahindi yakikwama katika mdomo wa mashine ya kusagia: mwenye mashine hugonga kidogo, yakashuka.

Mtikisiko huo mkulima hawezi kuutengeneza, lakini klorofili aweza kuzitunza. Katikati ya kila klorofili mna atomu moja ya magnesiamu, iliyozungukwa na atomu nne za nitrojeni. Majani ya chini ya mahindi yakigeuka manjano kuanzia ncha na kufuata mshipa wa katikati, yaelekea nitrojeni imepungua. Ikiwa manjano yako kati ya mishipa, na mishipa yenyewe ingali kijani, huenda ni magnesiamu. Mwonyeshe afisa wa kilimo jani hilo kabla hujanunua mbolea, kwa maana yurea haitatibu upungufu wa magnesiamu.