Hisani ya Maharage na Sharti Zake

Katika miteremko ya mlima Meru, tangu Ngaramtoni hata Tengeru, wakulima wana desturi ya kupanda maharage kati ya mahindi, nao husikia kila msimu ya kuwa jamii ya mikunde hurutubisha ardhi; kauli hiyo ni ya kweli, walakini ina sharti ambazo aghalabu hazitajwi.

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini chembe zake zimefungamana mbili mbili kwa nguvu hata mimea haiwezi kuitumia. Mwaka 1888 wataalamu wa Kijerumani, Hellriegel na Wilfarth, walithibitisha kuwa mikunde huipata kwa vinundu vya mizizini, na mwaka huo huo Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wakaao humo, ambao hupewa sukari na mmea, nao huulipa kwa kuigeuza naitrojeni iwe chakula chake.

Atakaye kuhakikisha na achimbue mche mmoja taratibu unapoanza kutoa maua, auoshe mizizi, kisha apasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi, kwani wekundu ule ni wa dutu iliyo ndugu ya ile ya damu yetu, izuiayo oksijeni isikidhuru kimeng'enya cha kazi hiyo. Kikiwa cheupe, hakifanyi kazi. Kikiwa cha kijani, kimekwisha zeeka.

Sababu ya weupe huwa mara nyingi ni udongo wenyewe. Ardhi itokanayo na majivu ya volkano, ijapokuwa nyeusi na ya kupendeza, ina tabia ya kuifumbata fosforasi isifike mizizini, na bila fosforasi kinundu hukosa nguvu. Ndiyo maana watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha wameipima chanjo ya bakteria hao wa vinundu pamoja na mbolea ya fosforasi, na si chanjo peke yake.

Hata hivyo maharage ni dhaifu katika kazi hii kuliko kunde au soya, na naitrojeni nyingi yaliyoipata huondoka na punje zinazokwenda sokoni, na iliyobaki katika majani na mashina hung'olewa ikapewa ng'ombe wa bandani. Basi asiyerudisha samadi ya ng'ombe yule katika shamba lile lile asiyalaumu maharage kwamba hayakutimiza ahadi, maana malipo yalitolewa, ila yaliishia mahali pengine.