Nyanya Zinaoza Mugumu, Kambi Zinaagiza Arusha

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, wilayani Serengeti, mama alipovuna matenga sita ya nyanya. Tukafunga mawili kwenye pikipiki ya jirani, tukayapeleka kambi moja ya watalii. Ofisa manunuzi alizishika, akazisifu, kisha akasema, "Mama, nyanya zako nzuri kabisa, ila mzigo wetu wa wiki umeshafika kutoka Arusha."

"Haya baba," mama akajibu. Tulirudi nazo Mugumu, tukaziuza jioni kwa bei ya kutupa. Zilizobaki zilioza.

Nilikasirika. Kutoka Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 300, gari linapita Ngorongoro na kulipa ushuru njiani. Inakuwaje nyanya ya huko imshinde mama yangu aliye jirani na hifadhi? Kesho yake nikarudi peke yangu kumuuliza yule ofisa. Alichonieleza kilinipunguzia hasira.

Kwanza, jikoni hawahitaji nyanya tu. Wanahitaji nyanya, karoti, hoho, saladi na matunda, kila wiki, mwaka mzima. Muuzaji wa Arusha analeta vyote kwa simu moja. Mama ana nyanya, tena kwa wiki tatu tu. Pili, mpishi anataka mzigo wenye ukubwa unaolingana. Tatu, mhasibu anataka risiti ya mashine ya EFD, na mama hana hata namba ya mlipakodi.

Lakini upande wa mkulima nao una hesabu zake. Kampuni nyingi hupokea mzigo leo na kulipa baada ya mwezi au zaidi. Mkulima ana deni la dawa na ada ya mtoto, atasubirije? Ndiyo maana anamwuzia mlanguzi mwenye hela mkononi, hata akijua anapunjwa kwa lumbesa. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, ila shambani mwenye fedha ndiye anayeamua gunia lishonwe vipi.

Nenda Tarime uone jambo hilohilo. Ndizi na mahindi yanavuka Sirari kwenda Kenya, na watu wanalalamika kwamba chakula chetu kinaondoka. Mimi sioni kama mkulima anakosa uzalendo. Mnunuzi amemfuata hadi shambani, akalipa palepale. Mazao hufuata fedha taslimu.

Je, sheria haitoshi? Chukua mgodi wa North Mara, kule Nyamongo. Kanuni za madini za mwaka 2018 zinataka kampuni za madini zitangulize bidhaa na huduma za Watanzania. Ni jambo jema, ila tusome vizuri: kwenye kanuni hizo mzawa ni Mtanzania, si lazima awe mwanakijiji wa jirani. Kabichi ya mkoa wa mbali inahesabika kuwa ya ndani sawasawa na ya Nyamongo. Sheria inafungua mlango, lakini lazima awepo mtu wa kukusanya kabichi na kuzifikisha mlangoni.

Kwa maoni yangu, kazi ipo hapo katikati. Wakulima wakiwa na kikundi au AMCOS wanaweza kupanda kwa zamu, kuchambua mzigo kwa ukubwa na kutoa risiti moja. Pengo la kusubiri malipo linaweza kuzibwa na mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na mnunuzi naye atimize lake: aseme mapema anataka nini, kiasi gani, na alipe kwa wiki.

Sasa tuje kwetu, wanachuo wenzangu. Bumu likiingia, sehemu kubwa inaishia kwenye sahani. Kantini zetu ni wanunuzi wa uhakika kuliko kambi yoyote, maana sisi hatuli kwa msimu wa watalii. Serikali ya wanafunzi ikikaa na waendesha kantini, badala ya kuzungumzia bei ya wali tu, iulize pia: mboga hizi zinatoka kwa nani, na analipwa lini? Tuanze na zao moja na kikundi kimoja cha karibu na chuo, malipo kila Ijumaa. Likienda vizuri, tunaongeza la pili.

Mama hakungoja makala yangu. Wiki iliyopita alinipigia kuniambia kwamba yeye na majirani wanne wamekubaliana kupanda kwa kupishana wiki mbili, na mmoja atalima karoti. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo namba ya mlipakodi inaombwaje?"

Nimeshaanza kumsaidia kuiomba.