Fahamu: Nani huamua idadi ya Majaji wa Rufani?
Majaji wakiapishwa Ikulu ya Chamwino, wengi huuliza: nafasi ziko ngapi? Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Katiba imeweka kima cha chini tu, haikuweka ukomo. Rais huteua baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, na Jaji wa Rufani hustaafu akiwa na miaka 65. Rufaa husikilizwa na majaji wasiopungua 3, kwa hiyo wakiongezeka, majopo huongezeka.

Kenya imefunga hesabu kikatiba: Mahakama ya Juu, majaji 7. Marekani ilianza na 6, ikafika 10, na tangu 1869 ni 9. Huko kuongeza kiti ni vita vya kisiasa. Kwetu huonekana jambo la mrundikano wa mashauri, ingawa mwenye kalamu ya uteuzi ni mmoja.