Chenji Inapokosekana: Mafunzo kwa Vikundi vya Dakawa

Katika ziara zetu kwa vikundi vya akina mama wa Dakawa, wilayani Mvomero, kilio kimoja hujirudia: mteja anatoa noti ya shilingi 10,000 kununua fungu la nyanya la shilingi 500, na chenji hakuna. Ama anaondoka bila kununua, ama anapewa pipi. Kikundi kimoja kilituuliza: je, tunaweza kutengeneza vibati vyetu wenyewe vitumike kama chenji?

Wazo hili ni la zamani. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1648 na 1672, wenye maduka walitoa vibati vya shaba kwa sababu sarafu ndogo zilikuwa haba. Kibati kilikuwa na jina la mtoaji na mji wake. Wengine waliweka nembo ya chama chao cha ufundi. Aliyekipokea alijua mlango wa kubisha. Mwaka 1672 Mfalme Charles II alitoa sarafu za shaba na kupiga marufuku vibati hivyo.

Hapa kwetu, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Waingereza zilifunga pwani na Wajerumani wakaishiwa sarafu. Mwaka 1916 waligonga za dharura huko Tabora katika karakana ya reli, reli hiyohiyo ya kati ipitayo Morogoro. Zilikuwemo za heller 5 na heller 20, na heller 100 zilifanya rupia 1. Septemba mwaka huohuo Tabora ilitekwa na Wabelgiji, na serikali iliyozitoa ikaondoka mjini.

Mwaka 2013, wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, walianzisha hati za kubadilishana bidhaa zilizoitwa Bangla-Pesa. Baadhi yao walikamatwa na kushtakiwa, ingawa mashtaka yalifutwa baadaye mwaka huo.

Somo ni moja: kibati ni ahadi, na thamani yake ni uaminifu na uwezo wa aliyeahidi. Isitoshe, Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 inaipa benki hiyo peke yake mamlaka ya kutoa noti na sarafu. Kwa hiyo hatukishauri kikundi chochote kutengeneza vibati.

Ipo njia rahisi zaidi. Kila Jumapili kapu la sadaka hujaa sarafu. Tunaziomba kamati za parokia zihesabu sarafu hizo mbele ya mashahidi, ziziandike daftarini, na Jumatatu zibadilishane na vikundi kwa noti, shilingi kwa shilingi. Sadaka haitapungua hata senti, na muuza nyanya atakuwa na chenji.