Kamera Inayokesha Porini

Wewe wa Buger unaishi karibu na Msitu wa Marang. Asubuhi unaona nyayo za chui karibu na zizi. Ni chui mmoja au watatu? Picha inaweza kukujibu.

Kuna kamera ndogo ya kutega. Hufungwa kwenye mti, kiasi cha urefu wa goti. Ndani yake mna kifaa kinachohisi joto la mwili unaopita. Mnyama akipita, kamera hupiga picha yenyewe, mchana au usiku. Madoa ya chui huyu si ya chui yule. Ni kama alama ya dole gumba tuliyoweka kabla ya kujua kuandika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za simba usiku katika nchi yetu. Alifunga mnyama wa kufugwa awe chambo. Simba alipovuta uzi, taa kali iliwaka. Chambo hakuulizwa!

Siku hizi, huko Iringa, vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Ruaha hutega kamera katika ardhi yao. Kila mnyama wa porini akipigwa picha, kijiji hupata alama. Simba huleta alama nyingi kuliko swala. Alama hizo huleta msaada wa shule, zahanati na dawa za mifugo.

Ukikuta kisanduku mtini, usikivunje. Labda kimekupiga picha wewe na mzigo wako wa kuni. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Uliza nani amekiweka, na picha za watu zinapelekwa wapi.